Nimealikwa ngoma ya msituni giza likianza Tromsø. Niende?

SWALI

Msomaji mmoja, mama wa watoto wawili aliyezaliwa Uvira na sasa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Tromsø, kaskazini mwa Norwe, ameandika hivi:

"Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Kila mwezi wa tisa ukifika mwili unakuwa mzito. Nalala sana na bado naamka nimechoka, nakula mkate na sukari kupita kawaida, watoto wakiniuliza kitu nawajibu kwa ukali. Mwenzangu wa kazini, ambaye bibi yake alikuwa Msami (Wasami ni wenyeji wa asili wa huku kaskazini), amenialika mkusanyiko wa usiku msituni. Kutakuwa na moto, ngoma, na mwanamke anayejiita shamani, yaani mganga anayewasiliana na mizimu, atakayetusaidia kulipokea giza. Mchungaji wangu anasema ngoma hizo ni za shetani. Mama yangu alifariki Uvira mwezi wa tatu, sikuweza kwenda kumzika. Je, niende? Inasaidia kweli? Na nisipoenda, nifanye nini?"

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa msiba wa mama. Naanza nao kwa sababu wewe umeuweka mwishoni mwa barua, sentensi moja tu iliyobanwa katikati ya mambo mengine, na mimi nahisi sehemu kubwa ya uzito iko hapo. Nitaurudia. Kwanza tuongee habari za mwili, halafu ngoma.

Mwezi wa tisa kwenu Uvira ni mwezi wa kushika jembe. Kiangazi kimekwisha, mvua za kwanza zinateremka kutoka milimani kuelekea ziwani, maharagwe na mahindi yanaingia ardhini. Tangu ukiwa mtoto mwili wako unaujua mwezi huo kuwa mwanzo wa mambo. Tromsø mwezi huohuo ni wa kufunga. Boti zinapandishwa nchi kavu, viti vya uani vinaingizwa ndani, majani ya miti yanageuka njano kwa wiki mbili hivi, kisha upepo wa usiku mmoja unayamaliza. Hata jina la msimu wenyewe linatupa shida. Wengi huandika "vuli", lakini vuli yetu ni mvua, ni wakati nchi inapovaa kijani. Wa huku ni msimu wa kupukutika. Wanorwe wanauita høst, na neno hilohilo kwao ndilo la mavuno. Lishike hilo, litatufaa mbele.

Halafu kuna jua. Uvira, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki nusu saa. Tromsø iko kwenye nyuzi 69 kaskazini ya ikweta, na mwezi wa tisa mchana unapungua karibu dakika 9 kila siku inayopita. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Saa iliyomo mwilini hujirekebisha kwa mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mwanga huo ukikosekana, melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi, inaendelea kutoka wakati wewe unatakiwa uwe umeshaamka. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza sonona ya msimu, na ukisoma dalili walizozitaja utadhani walikaa jikoni kwako: kulala sana, kutamani wanga na sukari, hasira za karibu. Si uvivu huo, wala hujarogwa.

Kwa hiyo kabla ya ngoma yoyote nenda kwa daktari wako wa kudumu, umwambie yote uliyoniambia mimi, pamoja na habari ya mama. Muulize kuhusu taa ya mwanga wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Inakaa mezani pembeni yako nusu saa kila asubuhi, mapema baada ya kuamka, wewe unakunywa chai yako. Huna haja ya kuikodolea macho. Kama una ugonjwa wa macho, au umewahi kupitia vipindi vya kuchangamka kupita kiasi hadi hulali, mweleze hayo kabla ya kuinunua. Kama kazi yako ni ya zamu za usiku, akupangie saa za kuitumia. Na unywe mafuta ya ini la samaki, tran, kijiko kidogo kimoja kwa siku, ambacho kina mikrogramu 10 za vitamini D. Wanorwe huyanywa katika miezi ambayo jina lake kwa lugha yao lina herufi r, Septemba hadi Aprili, na sisi wenye ngozi nyeusi tunayahitaji zaidi yao, kwa kuwa ngozi yetu hutengeneza vitamini hiyo polepole hata jua likiwepo. Ikitokea siku unaona bora usingekuwepo duniani, usiningoje mimi wala mchungaji: piga 116 117, namba ya daktari wa zamu, na kama ni hatari ya papo hapo, 113, namba ya dharura.

Sasa ngoma.

Neno shamani si la Wasami. Limetoka kwa Waevenki wa Siberia, likaingia vitabu vya Ulaya magharibi mwishoni mwa karne ya 17. Wasami wana jina lao, noaidi, na ngoma ya noaidi kwa Kisami cha kaskazini inaitwa goavddis. Ni ngoma ya mkononi, ngozi ya reini (yule kulungu wanayemfuga huku) iliyowambwa juu ya mti, na juu ya ngozi kuna michoro ya rangi nyekundu iliyotolewa kwenye gome la mti. Noaidi aliweka kitu kidogo, pete kwa mfano, juu ya ngozi, akapiga kwa nyundo ya pembe. Pete ikirukaruka, akaangalia inakwenda kwenye mchoro gani. Wewe na mimi hatuna haja ya kuelezwa mno, maana kwetu neno ngoma limebeba chombo, mchezo na matibabu kwa pamoja. Pwani mtu anapopungwa pepo, hakuna anayedhani wale wapigaji wamekuja kutumbuiza.

Mchungaji wako anasema ni za shetani. Naomba umsimulie habari za mzee mmoja Msami, Anders Poulsen. Ngoma yake ilichukuliwa mwezi Desemba 1691, na Februari 1692 akafikishwa mahakamani Vadsø, mashariki ya Finnmark, jimbo la kaskazini kabisa mwa Norwe, kwa shitaka la uchawi. Mbele ya mahakama aliieleza michoro mmoja baada ya mwingine, na mwandishi wa mahakama akaandika, ndiyo maana tunayajua haya leo. Lilikuwemo jua, mwezi, reini wa porini. Lakini walikuwemo pia Mungu Baba, Mwana, Roho Mtakatifu, Maria, na kanisa. Mzee yule hakuwa ameigawa dunia yake vipande viwili kama waliomshitaki walivyoigawa. Kabla hukumu haijatolewa aliuawa kwa shoka kizuizini, na mtu aliyekuwa na ugonjwa wa akili. Ngoma yake ikapelekwa Denmaki kwenye hazina ya mfalme, aliyeitawala Norwe pia wakati huo. Ilirudi Karasjok, huko Finnmark, kwa mkopo mwaka 1979, na umiliki wenyewe ulikabidhiwa kwa Wasami mwaka 2022. Miaka 330.

Hakuwa peke yake. Mwaka uliofuata, 1693, upande wa Uswidi, Lars Nilsson alichomwa moto Arjeplog pamoja na ngoma yake. Mapema karne ya 18 wamisionari wa Thomas von Westen, mchungaji wa Kilutheri, walikusanya ngoma kwa makumi, na nyingi ziliteketea kwenye moto mkubwa wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, mwaka 1728. Zilizobaki duniani leo ni kama 70 hivi. Sisemi haya ili ubishane na mchungaji. Nataka ujue kwamba unaposikia ngoma inatajwa Tromsø, unagusa kidonda cha watu ambao bado wapo, ni majirani zako, na pengine ni bibi wa mwenzako wa kazini.

Kwa sababu ya historia hiyo, uzi ulikatika. Mwanamke atakayewaongoza msituni, kwa kadiri ninavyoijua mikusanyiko ya aina hiyo, anatumia zaidi njia iliyoenezwa na Mmarekani Michael Harner, mwanaanthropolojia aliyechukua vipande kutoka kwa watu wengi wa dunia akavifanya kozi ambayo yeyote anaweza kuisoma. Mdundo ni mmoja, wa haraka, mapigo manne au zaidi kwa sekunde, hauna vionjo. Watu wamelala au wameketi macho wameyafumba, wanasafiri kwa mawazo. Ailo Gaup, mwandishi Msami, alijifunza kwa Harner akairudisha njia hiyo Norwe na kuivisha nguo za kwao. Mwaka 2012 chama cha mashamani kilisajiliwa hapo Tromsø kama jumuiya ya dini, kikiwa na haki ya kufungisha ndoa na kuzika. Hii ni dini ya leo, ya watu wa leo, na wengi wao wana nia safi. Lakini si ileile ya Anders Poulsen, na kiongozi mwaminifu atakwambia hivyo mwenyewe ukimuuliza.

Jambo moja zaidi ambalo huenda likakuchanganya. Utasikia wakitaja sikukuu nane za mwaka, mojawapo ikiwa siku ya Septemba ambapo usiku na mchana hulingana. Utasikia pia kwamba Wasami wana misimu nane. Ni vitu viwili mbalimbali. Zile sikukuu nane ziliunganishwa kuwa duara moja huko Uingereza katika karne ya 20. Misimu nane ya Wasami haina tarehe, inafuata reini. Sehemu unayoiogopa wewe wameigawa mara tatu: čakčageassi, kiangazi kinachoelekea kupukutika, čakča, kupukutika kwenyewe, na čakčadálvi, kupukutika kunakoelekea baridi kali. Mtu mwenye majina matatu ya kipindi hicho haoni ukuta mmoja mweusi ukimjia.

Na Wasami walifanya nini ndani ya kipindi hicho? Hapa ndipo ninapotaka ukae nami, kwa kuwa watu wakisikia "mazoea ya kishamani ya msimu" hufikiria moshi na macho yaliyofumbwa, na vyanzo vya zamani vinatuonyesha zaidi mikono inayofanya kazi. Mwezi wa tisa, kabla madume ya reini hayajaanza kugombania majike, huchinjwa baadhi yake. Ni wakati dume ana mafuta kuliko siku zote za mwaka. Ukichelewa wiki chache atakuwa ameyamaliza mafuta yote kwa kupigana, na nyama inatoa harufu. Zamani sehemu ya machinjo hayo ilipelekwa kwenye sieidi, jiwe la pekee kando ya ziwa au njia ya wanyama: pembe, nyama, mafuta. Wavuvi walilipaka mafuta ya samaki. Ibada ilifuata kazi, na kazi ilifuata mnyama.

Nilikaa siku nzima mwishoni mwa mwezi wa nane, ndani ya Finnmark, na bibi mmoja wa Kisami akikata nyasi za viatu. Ni nyasi ndefu zinazoota penye maji, na kingo zake zinakata vidole kama wembe. Anakata kwa mundu, anafunga konzi kwa konzi, anazipiga juu ya jiwe hadi zinalegea na kuwa laini kama pamba, anazichana, anazianika, halafu anazisokota kuwa pete kubwa za kutundika. Wakati wa baridi pete inafunguliwa, nyasi zinajazwa ndani ya kiatu cha manyoya, mguu unakaa humo bila soksi. Jioni zinatolewa zikauke, asubuhi zinarudishwa. Mimi nimekulia Makunduchi, Unguja, kwenye ukili na kamba za makumbi, mikono yangu ilimwelewa kabla ya masikio. Nikagundua kwamba kila alipomaliza pete alitamka jina kwa sauti ndogo. La mumewe, la binti, la mjukuu. Nikamuuliza kama ni dua. Akaniangalia kwa mshangao, akasema anahesabu ni ya nani ili asisahau mtu.

Nimefundisha somo la dini kwa miaka mingi na bado sijapata mfano unaonifaa kuliko ule. Baridi ilikuwa inakuja, na kila mtu wa nyumba yake alikuwa ameshatajwa.

Kwa hiyo, uende? Unaweza kwenda, ila usiende kutafuta dawa. Mkusanyiko wa usiku mmoja hauondoi sonona ya msimu. Unachoweza kukipata ni moto, watu, kutoka nje ya nyumba, na mwenzako wa kazini kukuonyesha kitu kinachomgusa, na hayo si madogo kwa mtu aliye mwaka wa tatu ugenini. Muulize kabla ya kwenda: kiongozi ni nani na alijifunza wapi, kiingilio ni kiasi gani, je, kuna kitu cha kunywa au kuvuta. Kama kuna kinywaji cha kulewesha akili, kataa moja kwa moja. Kama bei ni mshahara wa wiki, kataa vilevile. Atakayekwambia uache dawa ya daktari, ondoka usiku huohuo. Na kama dhamiri yako ya dini inakataa kukaa kwenye duara, mwambie mwenzako wazi kwamba utakuja kukoka moto na kuchemsha kahawa, basi. Atakuelewa. Moto wenyewe, kwa taarifa yako, hauruhusiwi msituni na karibu na msitu kuanzia Aprili 15 hadi Septemba 15, isipokuwa pale pasipo hatari yoyote ya kuunguza. Baada ya hapo katazo hilo limekwisha.

Mkipita mahali penye jiwe la sieidi, usiache sarafu wala kitambaa, na usichukue kijiwe cha ukumbusho. Mahali hapo pana wenyewe, na sheria ya Norwe inalinda kumbukumbu za Wasami za mwaka 1917 na za kabla yake.

Ukiamua kutokwenda, hujakosa msimu. Sheria ya huku inamruhusu yeyote kuchuma matunda ya porini, na mwezi wa tisa ni wa tyttebær, vile vitunda vyekundu vichachu vinavyotambaa chini ya misonobari. Nenda na watoto, vaeni buti, chukueni ndoo. Vinatunzika miezi mingi kwa sababu vina asidi yao ya asili inayozuia kuoza. Unavikoroga na sukari vikiwa vibichi, bila hata kupika. Vipange kwenye chupa, na kila chupa iandikwe jina: hii ya mkubwa, hii ya mdogo, hii ya jirani wa ghorofa ya chini, hii ya mwenzako wa kazini. Unafunga mwaka kama wanavyoufunga wenyeji, na wakati huohuo mikono yako inapata ule mwezi wa tisa inaoujua, mwezi wa kushughulika na ardhi. Kwetu Makunduchi mwaka unageuka Julai, siku ya Mwaka Kogwa: wanaume wanacharazana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanapita wakiimba. Nisipoupata huku, nautafuta wa huku. Sijaona kuwa nimeusaliti wa kwetu kwa kufanya hivyo.

Sasa mama.

Umesema hukuweza kwenda kumzika. Kwa hiyo hukulala matangani, hukushika udongo, hukusikia wanawake wakilia jina lake. Uliendelea na zamu zako, ukiwaosha na kuwalisha mama za watu wengine. Tena ni mwezi wa tatu, mwanga ulikuwa unaongezeka, theluji inang'aa, kila mtu mjini anacheka kwa kuwa jua limerudi. Hukupata mahali pa kuliweka hilo. Giza linapoingia sasa linalikuta bado umelibeba, na taa ya laksi 10,000 haitalifikia.

Kuna jambo la msimu huu ambalo mchungaji wako hatalipinga, na ni la wenyeji kweli. Jumapili ya kwanza ya Novemba, kanisa la Norwe linawakumbuka wafu. Majina ya waliofariki mwaka huo yanasomwa, na jioni watu wanakwenda makaburini na mishumaa mikubwa inayodumu hata kwenye upepo. Jioni huko Novemba huanza mapema mno. Saa tisa mchana jua limeshatua, na saa kumi na moja giza limeshakuwa zito. Ukiingia makaburini wakati huo unaona mamia ya miali midogo kwenye theluji, watu wanatembea polepole, wengine na watoto, hakuna anayepaza sauti. Makaburi mengi ya Norwe yana mahali palipotengwa kwa ajili ya waliozikwa kwingine, jiwe moja ambalo wageni na wavuvi waliopotea baharini wanalishiriki. Ulizia ofisi ya kanisa lililo karibu nawe kama lao lipo, na kama jina la mama linaweza kusomwa hata kama alizikwa Uvira.

Nunua mshumaa wiki moja kabla, isije ikaisha dukani. Wapeleke watoto. Uwashe, umtaje mama kwa jina lake lote, kwa sauti, kwa lugha aliyokuwa akikuitia. Kama una wimbo wa kwenu wa maombolezo, uimbe, hakuna atakayekukataza. Na yule mwenzako wa kazini aliyekukaribisha kwenye moto wake, mkaribishe naye aje. Ana bibi wa kumwashia.